Zamu ya Kumwogesha Bi Suad

Mume wa Ibtisam alikufa Jumanne, akazikwa Alhamisi, na katikati ya siku hizo Bi Suad hakuogeshwa.

Kiharusi kilikuwa kimemlaza upande mzima wa kulia, mkono na mguu. Alikuwa juu ya kitanda cha kupanda na kushuka walichopewa na hospitali, ghorofa ya tatu, akiangalia dirishani jengo la pili lililofanana na lao kama pacha. Mumewe, Msabaha, alikuwa na miaka sabini na nne na betri ndani ya moyo. Daktari alikuwa amemkataza kunyanyua kitu kizito kuliko birika. Alimpangusa mkewe uso na miguu kwa kitambaa, akaishia hapo, wote wawili wakajifanya kwamba ameoga.

Ibtisam, mhudumu wa Bi Suad, alipiga simu Alhamisi jioni, akiwa Kingsbury, nyumbani kwa mama mkwe wake.

"Mama, nimefiwa."

"Nimesikia, mwanangu. Inna lillahi. Umekula?"

"Sina hamu. Mama, nitakuja Jumatatu. Nikishamaliza hizi siku tatu tu..."

"Uje wapi? Wewe una eda."

Nyuma ya Ibtisam zilisikika sauti za wanawake na vyombo.

"Nani atakuogesha?"

"Kwani miye ndiye niliyefiwa? Kaa chini, mwanangu. Kaa eda yako kama watu. Mbarouk alikuwa mume, hakuwa paka."

Basi ikawa imekwisha. Mwanamke akifiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hatembei, wala haonekani barabarani na mkoba. Riyadh, mtoto pekee wa Bi Suad na Msabaha, alifika Jumapili kutoka Croydon akiwa amelisoma suala lote kwenye simu yake ndani ya treni. Riyadh alikielewa Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza tangu ana miaka mitatu.

"Mama, kuna masheikh wanasema anaweza kutoka mchana kufanya kazi. Inaruhusiwa."

"Masheikh hao wamewahi kufiwa na waume?"

"Mama, niko siriasi."

"Na miye sicheki. Mama mkwe wake hataki, yeye mwenyewe roho yake haitaki, na miye sitaki mtu aniogeshe huku analia. Ataniunguza na maji."

Msabaha alikohoa. Alikuwa na neno lake tangu Alhamisi na hakupata mlango wa kulipitishia.

"Na mshahara wake, Mama Riyadh?"

"Utaingia kama kawaida."

"Pesa si zetu. Za kaunsili."

"Kaunsili imenipa nimlipe mhudumu wangu. Mhudumu wangu nani? Amebadilika?"

Msabaha akatazama zulia.

"Mfiwa hakatwi mshahara," alisema Bi Suad. "Hata yule Mgiriki niliyemfagilia hoteli yake, na uchoyo wake wote ule, hakunikata nilipofiwa na mama. Nitakuwa mbaya kuliko Mgiriki?"

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Zamani kaunsili, serikali ya mtaa, ilikuwa ikileta watu wa kampuni, kila siku sura mpya, wengine saa mbili asubuhi, wengine saa sita mchana, wakati mgonjwa ameshalowa akakauka. Siku moja walimleta mwanamume. Alikuwa kijana mwenye adabu zake, akaomba radhi kwa kutumwa. Bi Suad aliishika shuka kwa mkono mmoja mzima mpaka kijana akaondoka. Baada ya hapo kaunsili ikasema, haya, chukueni pesa mjitafutie mtu wenyewe. Ikawapa kadi. Kila mwezi pesa zikaingia kwenye kadi, Msabaha akamlipa Ibtisam, akakata bima, akatuma karatasi za saa za kazi. Bi Suad, aliyefagia hoteli za watu miaka thelathini, akawa tajiri mwenye mfanyakazi. Utajiri ulimkuta kitandani.

Na Ibtisam alikuwa anajua kazi. Alimwogesha akamtia udhu, akaukunjua ule mkono uliolala kidole kwa kidole na kuuosha mara tatu kama mkono mzima. Watu wa kampuni waliuruka. Kwao ule mkono ulikuwa mzigo tu.

* * *

Zamu ilipangwa na Restuta. Alikuwa Mhaya wa Bukoba aliyefanya kazi ya usafi hospitali usiku na ya kukunja nguo mchana, na sauti yake ilitosha kwa zote mbili. Alikuwa amekuja msibani Kingsbury, akasikia habari, na kabla sahani hazijaondolewa alikuwa ameshagawa siku.

"Jumatatu na Alhamisi miye. Jumanne Bi Zuwena na wenzake wa khitma. Anne-Marie yuko chini pale pale, achukue jioni zote. Kuna mwenye neno?"

Hakuna aliyekuwa na neno. Neno gani la kusema mbele ya mfiwa?

Wakaja. Walikuja na mabakuli, na sabuni walizozipenda wao, na watoto wakati mwingine. Ibtisam alikuwa akiwaelekeza kwa simu kutoka chumbani alikokaa eda, simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji karibu na kitanda cha Bi Suad.

"Anza na mguu wa kushoto, Bi Zuwena. Usimvute bega. Bega hilo linatoka."

"Nishamshika."

"Mama, maji vipi?"

"Baridi," alisema Bi Suad.

"Baridi? Haya, subiri niongeze." Bi Zuwena aliongeza.

"Sasa moto. Ibtisam hafanyi hivi."

Bi Zuwena alikuwa mwanamke mnene wa Pemba mwenye mgongo mbovu na moyo mzuri, na vyote viwili vilikuwa vikimtesa. Akaongeza maji baridi.

Anne-Marie, Mkongomani wa chini, hakuwa na maneno mengi. Alikuja jioni na sufuria ya maharage, akamgeuza mgonjwa, akambadilisha, akamwimbia polepole nyimbo za kanisa lake. Bi Suad alisema nyimbo zenyewe si zetu lakini mikono yake ni ya kwetu. Nyumba ilijaa. Kulikuwa na jioni ambazo Msabaha hakupata pa kukaa kwenye nyumba anayoilipia kodi, akasimama jikoni na kikombe chake, akiwasikia wanawake wakimcheka mtu asiyemjua, na akaona kwamba mkewe naye anacheka, mdomo umekwenda upande mmoja.

* * *

Mwezi wa pili wa eda akaja Ian, mtu wa kaunsili.

Ian hakuwa mtu mbaya. Hilo lisemwe mapema. Watu wabaya kaunsili haiwatumi majumbani. Huwaweka juu, kwenye vyumba vyenye mazulia, na huko chini kwa watu huwatuma wema. Ian alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alikuja kufanya ukaguzi wa mwaka, kutazama kama mgonjwa bado mgonjwa.

Sasa mgeni akija, mwenye nyumba hujipanga. Bi Zuwena alikuwa amefika mapema. Akamvika Bi Suad dera jipya la kijani, akampaka wanja, akafukiza udi mpaka kengele ya moshi ikalia. Walimkalisha kwenye kiti kikubwa, mito mitatu upande wa kulia na mmoja nyuma, mtandio juu ya mkono uliolala. Kiti cha choo kilipelekwa chumbani kwa Msabaha. Nepi zilifichwa nyuma ya pazia. Mezani zikawekwa sambusa na chai ya maziwa yenye iliki. Ukiingia ungesema mwanamke huyu anaozesha mtoto.

"Suad, unaendeleaje?" Ian aliuliza.

"Sijambo, alhamdulillahi," alisema Bi Suad. Angesema nini? Mtu hajakaa hata vizuri umwambie unajikojolea?

"Anasema yuko vizuri," Msabaha alimwambia.

Ian akaandika.

"Kuna shida yoyote anayoipata?"

"Shida haikosi kwa binadamu," alisema Bi Suad, "lakini tunashukuru, Mungu anatusitiri."

"Anasema hakuna shida," Msabaha akafupisha. Kiingereza chake kilikuwa cha gereji ya mabasi alikosafisha magari maisha yake yote. Kilijua breki na mafuta. Kusitiriwa hakikujua.

Ian akala sambusa. Akaipenda, akala nyingine. Akauliza kuhusu mhudumu.

"Amefiwa," alisema Msabaha. "Yuko eda."

"Yuko likizo?"

"Si likizo. Anakaa ndani. Kwa ajili ya mume."

"Pole yake. Na mnaendelea kumlipa?"

"Ndiyo," alisema Msabaha, akijua kwamba hapa amefanya jambo la heshima na mzungu ataliona. "Kila mwezi. Hatujamkata hata senti."

Ian akaandika kwa muda kidogo.

"Kwa hiyo nani anamhudumia Suad sasa? Mtoto wenu wa kiume? Anaweza kumwogesha?"

Msabaha alimwomba alirudie swali. Alipolirudia, Msabaha akalitafutia jibu la adabu kwa Kiingereza, hakulipata, akasema mtoto anafanya kazi Croydon.

"Basi nani?"

Hapo Msabaha akanyooka kwenye kiti. Toka mgeni aingie alikuwa akijibu tu kama mshtakiwa. Sasa alipata kitu cha kujivunia. Alieleza habari ya zamu yote, siku kwa siku, mtu kwa mtu. Alisema wanawake wanakuja asubuhi na jioni, wa dini hii na dini ile, hakuna anayelipwa, hakuna aliyekosa. Alisema sisi kwetu mgonjwa haachwi. Na kana kwamba ilipangwa, mlango ukagongwa, Anne-Marie akaingia na sufuria yake, akamsabahi mgeni, akaenda moja kwa moja kumpangusa Bi Suad mdomo.

"Hii inapendeza sana," alisema Ian, na alikuwa anasema kwa dhati. "Si kila mahali unaona kitu kama hiki."

"Karibu tena," alisema Bi Suad. Wakamfungia sambusa nne kwenye karatasi ya foili.

* * *

Jibu la kaunsili halikuchukua muda. Kaunsili, ukiiomba, huchelewa. Ikikunyang'anya, hufika kabla ya posta.

Riyadh alilisoma mara mbili jikoni, amesimama, halafu akampigia Ian, akaiweka simu mezani kwa sauti ya wote.

Jibu lilisema kadi imesimamishwa. Mgonjwa anaendelea vizuri, mwenyewe amesema. Mahitaji yake ya kuogeshwa, kuvishwa na kulishwa yanatimizwa na jamii inayomzunguka. Pesa alizolipwa mhudumu ambaye hakufanya kazi zitarudishwa.

"Ian, wale mama si wahudumu. Ni majirani."

"Ndiyo, na ni jambo zuri sana. Sisi tunaliita nguvu za jamii. Nimeliandika kwa herufi nzito."

"Wanasaidia kwa muda tu. Mpaka mhudumu arudi."

"Wamekuambia wataacha lini?"

Riyadh alimwangalia baba yake. Msabaha akatikisa kichwa.

"Hawawezi kusema hivyo," alisema Riyadh. "Watu hawasemi hivyo."

"Basi kwetu bado wapo. Riyadh, nakuelewa, kweli. Lakini mimi nina swali moja tu la kuuliza: wako tayari, na wanaweza? Kama wako tayari na wanaweza, haja hakuna, na kama haja hakuna, siwezi kuilipia. Ukitaka niangalie upya, waniambie wenyewe kwamba hawako tayari. Kila mmoja. Suad awepo, ndiyo utaratibu. Asisemewe jambo nyuma yake."

Simu ilipokatika, Riyadh alimgeukia baba yake.

"Baba. Ulimwambia nini yule mtu?"

"Nilimwambia kweli."

"Kwa nini?"

Msabaha hakuwa amewahi kuulizwa swali hilo kwa sauti ile. Akaanza kuosha vikombe.

"Angalau mngemwonyesha kiti cha choo," alisema Riyadh. "Angalau Mama asingepakwa wanja."

"Mgeni yule," Bi Suad alisema kutoka chumbani. Alikuwa amesikia yote. "Ningempokea na nepi mkononi?"

Baadaye aliuliza swali moja.

"Kadi ikifa, atakuja nani?"

"Kampuni, Mama. Kama wakikubali. Au hakuna."

"Yule mwanamume?"

"Yeyote watakayempata."

Bi Suad alivuta shuka kwa mkono wa kushoto, ingawa hapakuwa na mtu.

* * *

Wanawake wa zamu walikutana Jumapili, sebuleni, mlango wa chumba umefungwa ili mgonjwa asisikie. Mgonjwa alikuwa anasikia kila kitu. Milango ya nyumba za kaunsili imetengenezwa kwa karatasi.

"Hebu nielewe," alisema Restuta. "Wanataka tuseme hatumtaki?"

"Mseme hamko tayari," alisema Riyadh.

"Tofauti yake nini?"

Riyadh alifikiri. "Hakuna."

"Na tukisema tunaweza, ila tumechoka kidogo?"

"Basi mnaweza."

"Kumbe," alisema Restuta. "Mtu akikusaidia bure wanamnyang'anya mgonjwa chake. Wangetuambia mapema tungekaa kwetu."

Anne-Marie alikuwa ameshika sufuria tupu mapajani. "Miye sipendi kusema uongo," alisema. "Mungu anasikia simu."

"Sema kweli yoyote basi. Tafuta moja ngumu," alisema Restuta.

"Na tukishasema," Bi Zuwena aliuliza, "tunaendelea kuja?"

Hapo Riyadh alikaa chini. "Hapana, Bi Zuwena. Mkionekana mnakuja baada ya kusema hamji, watasema tumewadanganya. Watachukua kadi moja kwa moja."

"Hata na bakuli?"

"Hata na bakuli."

Bi Zuwena akaufungua mtandio wake, akaufunga tena.

* * *

Simu ililia Alhamisi asubuhi. Kwa amri ya utaratibu iliwekwa kitandani, juu ya mto, karibu na kichwa cha Bi Suad, kwa sababu yeye ndiye mwenye jambo. Safari hii alikuwa na nguo ya kulalia na hakuwa na wanja. Wanawake walisimama kumzunguka, na kama ungewaona bila kusikia, ungedhani wamekuja kumsomea.

Upande wa pili alikuwapo Ian, na mkalimani wa kaunsili, Mkenya aitwaye Wanjohi, kwa sababu jamaa wa mgonjwa hawakuruhusiwa kutafsiri.

"Hamjambo akina mama," alisema Wanjohi. "Mimi nitasema tu kile mnasema, siongezi, sipunguzi. Nani anaanza?"

Restuta akainama kwenye mto. "Mimi Restuta. Nina kazi mbili na sitakuja tena. Nimemaliza."

Akasogea nyuma, akamtazama Bi Suad, akakonyeza. Bi Suad akakonyeza kwa jicho lake zima.

Akafuata Anne-Marie. Alisema ngazi zinamchosha. Ian akauliza, je, lifti ikitengenezwa?

"Hata lifti," alisema Anne-Marie, na machozi yakaanza kumtoka. "Hata lifti, baba, sitapanda."

Bi Zuwena alikuwa wa mwisho. Aliinama kwa shida, mkono kiunoni.

"Miye Zuwena. Mgongo wangu mbovu. Siwezi kumwogesha."

Wanjohi akatafsiri. Ian akasema jambo refu. "Anasema pole na mgongo," alisema Wanjohi. "Anauliza, sasa kazi ndogo ndogo kama kumvisha, kumlisha, labda wikendi tu, hizo hungekuwa na shida?"

"Kumlisha? Ah, kumlisha si kitu..."

Riyadh alirusha mikono hewani. Restuta akamfinya Bi Zuwena. Naye akaona amekosea, akaona kadi inamwagika mikononi mwake mbele ya watu, na akashikwa na hofu. Na mtu akishikwa na hofu huchota kilicho karibu.

"Sitaki!" alisema. "Sitaki kumlisha, sitaki kumvisha. Nimekuja hapa na mgongo wangu, kila Jumanne, mabasi mawili. Maji nikitia moto, moto. Nikitia baridi, baridi. Hajanambia ahsante hata siku moja! Ibtisam hafanyi hivi, Ibtisam hafanyi hivi. Miye si Ibtisam! Nimemgeuza na mavi yake kama mwanangu, ananitazama kama mtumishi wake. Sitaki kumwogesha tena. Sitaki."

Wanjohi, ambaye haongezi wala hapunguzi, hakuanza kutafsiri.

"Mama," alisema hatimaye, polepole, "hiyo yote nitafsiri?"

Bi Zuwena alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio.

"Tafsiri," alisema Bi Suad.

Wanjohi akatafsiri. Ilichukua muda, na kwa Kiingereza ilisikika fupi na safi, kama mambo ya ofisini. Halafu Ian akasema.

"Anasema asante sana, Mama Zuwena," alisema Wanjohi. "Anasema hiyo ndiyo imesaidia zaidi. Hiyo iko wazi kabisa."

Walipokuwa wanatoka, Bi Zuwena alirudi, akaushika mguu wa Bi Suad juu ya shuka. Ulikuwa ule wa kulia, usiohisi.

"Yale nimeyasema kwa ajili ya simu."

"Najua, shoga yangu," alisema Bi Suad. "Umesema vizuri."

Akamwacha aende. Alipokuwa amefika mlangoni, Bi Suad aliita, "Zuwena. Ahsante." Lakini mdomo wa upande mmoja hausikiki mbali, na Bi Zuwena alikuwa ameshaanza kushuka ngazi, akishika ukuta.

* * *

Kaunsili ikaridhika. Kadi ikafunguliwa. Kuhusu pesa alizolipwa Ibtisam bila kazi, wakubwa walitumia huruma: hawakuzidai kwa mkupuo. Walikata saa za jioni mpaka deni liishe. Kwa hiyo eda ya Ibtisam ililipwa na jioni za Bi Suad.

Kabla Ibtisam hajarudi zilikuwapo wiki za kampuni. Hakuna haja ya kuzieleza. Kijana mwenye adabu alirudi mara moja, akakumbuka, akabaki koridoni.

Ibtisam alipomaliza eda alikuja asubuhi na mapema, amekonda, amevaa nguo za rangi ambazo zilikuwa zimempwaya. Alifungua maji, akayajaribu kwa kiwiko. Akaanza na mguu wa kushoto.

"Maji vipi, Mama?"

"Mazuri."

"Kweli?"

"Mazuri, mwanangu. Ahsante."

Ibtisam alisimama na kopo mkononi. Mwaka wote wa nyuma hakuwahi kuambiwa ahsante kwa maji. Alidhani mgonjwa amezidiwa. Akamgusa paji la uso.

Saa sita aliondoka, kama kadi ilivyotaka. Jioni Msabaha alichovya kitambaa, akapangusa uso na miguu, akaishia hapo. Chini ya ngazi alikuwa akikutana na Anne-Marie, naye Anne-Marie akatazama viatu vyake na kusema bonsoir, kama kwa mtu wa posta. Restuta alituma salamu kwa simu. Bi Zuwena hakutuma. Watu walisema amehamia kwa mwanawe Walthamstow, wengine wakasema hajahama, anapita barabara nyingine kwenda sokoni.

Mwezi mmoja baadaye Ian alipiga kuangalia mambo yanakwendaje. Riyadh alikuwapo. Alikuwa amemfundisha mama yake, kwa Kiingereza, Jumapili nne mfululizo, nini cha kujibu mtu wa kaunsili akimuuliza hali. Wakaweka simu juu ya mto.

"Suad, unaendeleaje?"

Bi Suad alimtazama mwanawe. Riyadh akaitikia kwa kichwa.

"Vibaya," alisema Bi Suad kwa Kiingereza, akilitamka neno zima, kama mtoto aliyesimamishwa darasani. "Vibaya sana."

"Pole sana. Na majirani je? Kuna anayekuja kukusaidia?"

Riyadh akafungua mdomo kumtafsiria, lakini mama yake alikuwa ameshaelewa.

"Hakuna," alisema Bi Suad. "Hakuna anayekuja."

Hilo hakufundishwa na mtu.

"Vizuri," alisema Ian, na wakasikia akiandika.